Ukuta usio na chokaa: jinsi ya kuyasoma magofu ya ngome za kale za Japani

Juu ya mji wa Asago, katika jimbo la Hyogo nchini Japani, kuna mlima wenye urefu wa mita 353 tu. Alfajiri za msimu wa vuli ukungu hupanda kutoka mtoni, ukajaza bonde zima, na kilele cha mlima kikabaki juu kama kisiwa. Kwenye kisiwa hicho kuna kuta za mawe, ngazi na viwanja vitupu. Hakuna paa hata moja, wala mlango. Hiyo ndiyo ngome ya Takeda. Bwana wake wa mwisho, Akamatsu Hirohide, alikufa mwaka 1600 na ngome ikaachwa. Mbao na vigae vilitoweka zamani. Kuta bado zipo.

Msomaji wa pwani akisikia kwamba ukuta umekaa kileleni zaidi ya miaka 400, swali lake la kwanza litakuwa: chokaa yake ilichomwa namna gani? Sisi tumekulia penye kuta za matumbawe na chokaa, kuanzia Gede hadi Lamu hadi Fort Jesus. Jibu ni kwamba hakuna chokaa. Hakuna saruji, wala udongo wa kugandisha. Ni jiwe juu ya jiwe, na nyuma yake kokoto.

Makala haya yanaeleza ukuta huo ulijengwaje, kwa nini ngome nyingi zimebaki magofu, na kwa nini hata leo kuna mabishano makali Japani kuhusu nini kifanywe na mawe hayo. Maana ukuta wa namna hii haudumu kwa ugumu wa jiwe peke yake. Unadumu kwa sababu unaachia maji yapite, na kwa sababu kila kizazi kinakubali kuubomoa na kuupanga upya.

Bunduki na mawe

Hapo kale ngome nyingi za Japani zilikuwa za udongo: mlima uliochongwa, mahandaki, na ua wa magogo. Mwaka 1543 Wareno waliokuwa ndani ya jahazi la Kichina walifika kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa nchi, wakiwa na bunduki. Wahunzi wa Kijapani waliziiga upesi, na vita vikabadilika.

Mwaka 1576 mbabe wa vita Oda Nobunaga alianza kujenga ngome ya Azuchi kando ya ziwa Biwa. Ilikuwa na kuta kubwa za mawe na mnara wa ghorofa nyingi juu yake, na mabwana wengine wakaiga mfano huo. Bunduki hazikuwa sababu pekee. Ukuta wa mawe uliweza kubeba jengo zito hadi ukingoni kabisa, jambo ambalo kingo za udongo haziwezi. Tena ulimwonyesha kila apitaye njia ni nani mwenye nguvu. Azuchi yenyewe iliteketea mwaka 1582, siku chache baada ya Nobunaga kufa kwa usaliti wa kamanda wake. Leo mgeni hupanda ngazi ndefu za mawe hadi kwenye msingi mtupu wa mnara.

Hapa historia hiyo inagusana na yetu. Mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa, wakati mabwana wa Japani nao wakishindana kuinua kuta. Na padri Francis Xavier, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India, ndiye aliyetua Kagoshima mwaka 1549 akaanza kuhubiri Ukristo Japani. Matokeo ya safari hiyo tutayakuta chini ya mawe ya gofu moja, huko mbele.

Jiwe kama jino

Waashi waliosifika zaidi walitoka Ano, chini ya mlima Hiei, karibu na ziwa hilo la Biwa. Walizoea kujenga kuta za mahekalu kabla ya mabwana wa vita kuwaita. Hadi leo wako waashi wa eneo hilo wanaofuata mbinu zao.

Ukisimama mbele ya ukuta wa ngome unaona uso wa jiwe tu. Mwili wake mrefu umeingia ndani, kama jino ambalo unaona kichwa chake na mzizi umejificha. Kati ya mawe makubwa hupachikwa mawe madogo ya kabari. Nyuma yake kuna tabaka nene la kokoto na mawe ya mtoni, ambalo mara nyingi huzidi upana wa mita moja. Nyuma ya kokoto ndipo udongo wa kilima unapoanza.

Tabaka hilo la kokoto ndilo moyo wa kazi. Mvua ikinyesha, maji hushuka kupitia kokoto na kutoka kwenye nafasi za mawe. Udongo haulowi ukavimba na kuusukuma ukuta. Fundi yeyote aliyejenga ukuta wa kuzuia udongo anajua kwamba maji yasipopata njia, yatajitafutia. Tetemeko likija, mawe yanaweza kucheza kidogo kisha yakakaa tena.

Penye ardhi tepetepe, kama kando ya handaki la maji, waashi walitandika kwanza magogo ya msonobari. Mradi yabaki majini, magogo hayo hayaozi upesi, na uzito wa ukuta unasambaa.

Pembeni ndipo penye hatari, kwa hiyo hapo yaliwekwa mawe marefu yaliyochongwa, moja likielekea huku na la juu yake likielekea kule, mpaka kona ikashikana kama vidole vilivyofumbatwa. Kisha kuna ule mkunjo unaowavutia wapiga picha: ukuta unaanza kwa mteremko wa pole chini, halafu unazidi kusimama kadiri unavyopanda. Kwenye ngome ya Kumamoto, iliyojengwa na Kato Kiyomasa na kukamilika mwaka 1607, mkunjo huo una jina lenye maana ya "kinachomrudisha askari". Hatua za kwanza mtu anapanda kwa kukimbia. Akifika katikati, ukuta umesimama wima na hana pa kushika.

Ukitaka kuusoma ukuta, tazama nyuso za mawe. Wajapani huzigawa katika namna tatu. Ya kwanza ni mawe ya asili yasiyochongwa, yenye nafasi kubwa katikati. Ndiyo namna ya Azuchi na Takeda. Ya pili ni mawe yaliyogongwa kingo ili yakaribiane. Ya tatu ni mawe yaliyochongwa kabisa hata wembe hauingii. Kwa jumla namna ya kwanza ni ya zamani na ya tatu ni ya baadaye. Lakini usikate shauri upesi, kwani ukuta mmoja unaweza kuwa na viraka vya enzi tatu, kila mtengenezaji akiacha mkono wake.

Mawe yaliyosafiri

Ngome ya Osaka ndiyo darasa bora la kujua mawe yalitoka wapi. Baada ya ukoo wa Toyotomi kuangamizwa hapo mwaka 1615, watawala wapya wa ukoo wa Tokugawa walizifukia kuta za adui wao na kuamuru mabwana wa majimbo wajenge mpya juu yake. Kazi ilianza mwaka 1620 na kwisha 1629. Kila bwana alipewa kipande chake, na gharama zilikuwa juu yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa hila ya utawala pia, kwani bwana aliyemaliza fedha kwa mawe hakubakiwa na fedha za kuasi.

Mawe yalipasuliwa visiwani, pakiwemo Shodoshima, yakaletwa kwa vyombo vya bahari. Kulipasua jiwe, fundi alitoboa mstari wa mashimo madogo kwa tindo, akatia kabari, akazigonga moja baada ya nyingine mpaka mwamba ukakatika. Mashimo hayo bado yanaonekana kwenye kuta nyingi kama alama za meno. Nchi kavu, mawe yaliburutwa juu ya sleji za mbao na watu wengi waliovuta kamba.

Ili mzigo wa bwana mmoja usichukuliwe na mwingine, mawe yalichongwa alama: duara, msalaba, nembo ya ukoo. Kutafuta alama hizo ni mchezo mzuri kwa mgeni anayetembea taratibu. Jiwe kubwa kuliko yote pale Osaka linaitwa Jiwe la Pweza, kwa sababu ya doa lililo usoni mwake. Uso wake ni karibu mita 60 za mraba, na uzito wake hukadiriwa kuwa zaidi ya tani 100. Huko Shodoshima nako yamebaki mawe yaliyokwisha kukatwa na kutiwa alama, lakini hayakusafirishwa kamwe. Wenyeji huyaita mawe ya masikitiko.

Si mawe yote yalitoka machimboni. Ngome ya Koriyama, katika mkoa wa Nara, ilipanuliwa mahali penye uhaba wa mawe, na wajenzi wakachukua walichokikuta: mawe ya makaburi, misingi ya majengo ya kale, hata sanamu za ibada. Sanamu moja ya Jizo, mlinzi wa watoto na wasafiri katika imani ya Kibudha, imelala humo ukutani kichwa chini, na watu huja hadi leo kuiombea. Ukuta unaovutia kwa mbali, ukiusogelea, unakuonyesha pia nani aliporwa ili usimame.

Kwa nini zimebaki gofu

Wengi hudhani ngome hizi ziliangushwa na vita. Nyingi ziliangushwa na karatasi. Mwaka huo huo wa 1615 utawala wa Tokugawa ulitoa amri kwamba kila jimbo libaki na ngome moja. Nyingine zote zivunjwe.

Kuvunja kulikuwa na ufundi wake. Huko Karatsu kuna gofu la ngome ya Nagoya ya Hizen, ambayo mtawala Toyotomi Hideyoshi aliijenga kuanzia mwaka 1591 ili aivamie Korea. Kuta zake zilivunjwa kwa makusudi, kona zikaangushwa na katikati zikakatwa mapengo, ili asitokee mtu akaitumia tena. Wahifadhi wa leo hawakuyaziba mapengo hayo. Wameuimarisha ukuta ukabaki umevunjika vile vile, kwa sababu kuvunjwa kwake ni sehemu ya habari yake.

Gofu lenye huzuni kuliko yote ni Hara, kwenye rasi ya Shimabara karibu na Nagasaki. Mwisho wa mwaka 1637 wakulima wa huko na wa visiwa vya Amakusa, waliochoshwa na kodi, njaa na mateso dhidi ya Wakristo, waliasi na kujifungia ndani ya ngome hiyo iliyokuwa imeachwa. Kiongozi wao, Amakusa Shiro, alikuwa kijana mdogo. Husemwa walifika watu 37,000, wakiwemo wanawake na watoto. Mwaka 1638 jeshi la serikali liliingia na kuwaua karibu wote, kisha kuta zikaangushwa na kufukiwa. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua, walikuta mifupa chini ya mawe, na misalaba midogo ya risasi, ile madini ya kutengenezea risasi za bunduki. Tangu mwaka 2018 mahali hapo pamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Bunduki na Ukristo vilikuja kwa njia moja ya bahari, na pale vilikutana chini ya ukuta mmoja.

Amri ya pili kubwa ilikuja mwaka 1873, chini ya serikali ya Meiji. Ngome zilionekana mali ya zamani isiyo na faida, na nyingi zikauzwa kwa bei ya mbao zake. Kisha mabomu ya mwaka 1945 yakamaliza nyingine, zikiwemo minara ya Nagoya na Hiroshima. Leo minara mikuu ya asili iliyobaki Japani nzima ni 12 tu. Mingine mingi mirefu na mizuri unayoiona kwenye picha ni ya zege, iliyojengwa karne ya ishirini. Mara nyingi kitu cha kweli hapo ni kile ambacho wageni hukikanyaga bila kukitazama: ukuta ulio chini.

Ukuta ukishika mimba

Adui wa ukuta usio na chokaa ni maji yaliyozibiwa njia, mizizi ya miti, na tetemeko. Miaka inavyopita, udongo huingia kwenye kokoto na kuziba nafasi. Maji yakikosa pa kupita husukuma, na ukuta hutoa tumbo. Neno la mafundi wa Kijapani kwa hali hiyo ni lile lile la mwanamke kuwa mjamzito. Tumbo hilo lisipotibiwa, siku ya mvua kubwa ukuta huangukia mbele. Ndivyo ilivyokuwa Marugame mwaka 2018, pale sehemu ya kuta zake ndefu ilipoporomoka baada ya mvua nyingi za mwaka huo.

Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ukuta huu methali inageuka: ukiziba ufa, utajenga ukuta. Kupaka saruji kwenye nafasi za mawe ni kuyafungia maji ndani. Dawa ni kulitia kila jiwe namba, kulipiga picha, kuushusha ukuta safu kwa safu, kubadilisha kokoto zilizochafuka, kisha kulirudisha kila jiwe mahali pake. Huko Hirosaki, mwaka 2015, mnara mzima wa karibu tani 400 ulinyanyuliwa na kusogezwa takriban mita 70 ili ukuta uliotoa tumbo chini yake ufunguliwe. Wananchi nao waliitwa kushika kamba na kuuvuta.

Jaribio kubwa lilikuja Kumamoto Aprili 2016, kwa matetemeko mawili makubwa, usiku wa tarehe 14 na alfajiri ya tarehe 16. Karibu theluthi moja ya kuta za ngome iliharibika. Picha iliyozunguka dunia ni ya jengo moja la ghorofa lililobaki limesimama juu ya mstari mmoja wa mawe ya kona, kushoto na kulia pameporomoka. Yale mawe marefu ya kona, yaliyopangwa huku na kule, yalikuwa yamefanya kazi yake.

Tangu hapo mawe yaliyoanguka yamepangwa uwanjani kwa namba, makumi ya maelfu. Wataalamu hulinganisha umbo la kila jiwe na picha za zamani, wakisaidiwa na kompyuta, ili wajue lilikaa wapi. Mnara mkuu, ambao ni wa zege wa mwaka 1960, ulikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2021. Kuta zinahitaji muda zaidi. Jiji lilitarajia kumaliza kazi yote mwaka 2037, kisha likasogeza hadi 2052.

Mnara au ukuta?

Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Mnara unaleta wageni, wageni wanaleta fedha, na fedha huzaa maombi ya mnara mwingine. Jiji la Nagoya lilifunga mnara wake wa zege mwaka 2018 kwa hofu ya tetemeko, likiwa na mpango wa kuujenga upya kwa mbao kama ulivyokuwa. Mpango umekwama mara kadhaa. Watetezi wa watu wenye ulemavu wanauliza wao watapandaje iwapo hakutakuwa na lifti. Wataalamu wa mambo ya kale wanauliza itakuwaje kwa kuta za asili zilizo chini ukianza kuweka mzigo mpya juu yake.

Kwa maoni yangu, swali la pili lina uzito ambao wanasiasa wa mahali popote hawaupendi. Mnara mpya una siku ya kukata utepe. Ukuta uliopangwa upya, ukifanywa sawasawa, unaonekana kama vile haukuguswa. Hakuna anayepiga picha mbele ya kokoto zilizosafishwa. Lakini bila kokoto hizo mnara hauna pa kusimama.

Hata sisi tunayo mizani ya kupimia hayo. Thimlich Ohinga kule Migori ni kuta za mawe zisizo na chokaa vile vile, nazo ziliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka huo huo wa 2018. Gede, yenye kuta za matumbawe, ilifuata mwaka 2024. Na anayetaka kuona ngome za Japani zinazofanana na jiwe letu aende Okinawa, uliokuwa ufalme wa Ryukyu, ambako kuta za ngome nyingi zimejengwa kwa chokaa ya miamba ya matumbawe, zikipinda na kilima kama wimbi.

Ukibahatika kufika kwenye gofu lolote la namna hiyo, usikimbilie kileleni. Anza na kona, uone mawe marefu yanavyopishana. Tafuta mashimo ya kabari na alama za mabwana. Simama pembeni ya ukuta, ufumbe jicho moja, uangalie kama umetoa tumbo. Usipande juu ya mawe wala kuchomoa kijiwe cha ukumbusho, kwa sababu kijiwe hicho huenda ndicho kabari.

Mtoto aliyezaliwa Kumamoto mwaka wa tetemeko atakuwa na miaka 36 kazi itakapokwisha, ikiwa haitacheleweshwa tena. Baadhi ya waashi watakaoweka mawe ya mwisho leo wako shule ya msingi.